Subiri Saa Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Nimempoteza msomaji wangu wa kwanza. Ilikuwa jana, Jumapili, kabla sijamaliza chai. Shemeji, dada mkubwa wa mke wangu, ametangaza kwamba blogu yangu haisomi tena, na tukikutana njiani nijifanye mgeni.

Niweke hesabu sawa. Blogu ya useremala, makala arobaini na moja, zote nimezichapa kwa kidole kimoja. Hakuna aliyenifundisha. Makala ya kiti kilicholegea mguu ilisema: paka gundi, funga kamba, subiri masaa mawili, kisha kalia. Fundi Redio, jirani yangu wa karakana, akacheka mpaka akashika mlango. Akauliza "masaa" ni mdudu gani. Eti waliosoma husema saa mbili. Mimi mtu wa kuchekwa siwezi. Nikarekebisha papo hapo: subiri saa mbili.

Jumamosi Shemeji, anayefanya kazi mapokezi kwenye zahanati, akapaka gundi kiti cha daktari saa moja na nusu asubuhi. Akasubiri. Ilipogonga saa mbili kamili akamwambia daktari karibu ukae.

Daktari ni mtu mzito.

Jumanne, 5 Machi

Shemeji kaandika maoni chini ya makala: umesema saa mbili, na saa mbili mtu kaanguka na kikombe mkononi. Kila mpita njia anasoma!

Nimeingia kimya kimya. Sasa makala inasema: subiri dakika mia na ishirini. Nani atabisha? Ndiyo raha ya blogu. Ubao ukiukata vibaya umekatika, lakini neno unaliranda tu.

Jioni. Wasomaji wamemvamia Shemeji. Mmoja kamwambia mama nunua miwani. Mwingine kauliza hiyo saa mbili ameiota wapi. Nilicheka. Kidogo. Kisha mke wangu akaweka sahani yangu mezani kwa kishindo, na kicheko kikakatika.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata dawa! Tatizo ni kwamba maoni ya Shemeji hayalingani na makala. Basi yalinganishwe. Mwenye blogu ndiye mwenye ufunguo. Sasa maoni yake yanasomeka: "Asante shemeji, kiti kimekaa imara." Heshima yake imerudi, yangu imerudi. Sikujua nina moyo mzuri hivi.

Mchana kaja karakana mwenyewe. Salamu hakuna. Kauliza tangu lini amekuwa kasuku wangu. Makala ni yangu, kasema, niichonge hata iwe kijiti cha meno, lakini jina lililo chini ya maoni ni lake, alipewa na mama yake. Na daktari ameisoma ile asante. Anataka kujua: kama kiti kilikuwa imara, alianguka vipi? Au aliangushwa? Ijumaa Shemeji anaitwa ofisini, na kazi yenyewe huenda ikaishia hapo.

Shemeji anataka kitu kimoja tu: niseme hadharani makala ilisema nini Jumamosi. Nikamjibu nitafikiria. Akasema fikiria haraka, shemeji, maana kufikiria kwako kuna gundi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeshinda na msasa mkononi bila kusugua kitu.

Fundi Redio, ambaye naye ana blogu, anasema makala ikishatoka yeye haigusi. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia ndiyo, lakini sakafu hupigwa deki. Akaongeza sauti ya redio.

Nikiliacha kosa, daktari mwingine ataanguka. Nikilifuta, Shemeji anakuwa mwongo. Hesabu haifungi.

Mke wangu ndiye aliyeifunga, akikunja nguo, bila kunitazama. Kasema kiti kikiwa karakana randa upendavyo. Kikishakaliwa, kwanza mwambie aliyekikalia ainuke.

Maneno hayo yamenikaa kama kibanzi kidoleni. Kweli, mimi nikitia kiraka kwenye meza, mteja namwonyesha kiraka kilipo. Kwa nini meza niiheshimu kuliko mtu? Nimeyarudisha maoni ya Shemeji kama alivyoyaandika. Chini ya makala nimeongeza: "Jumamosi hapa paliandikwa saa mbili. Kosa ni la mwandishi. Shemeji alisoma sawasawa." Nimeichapa kwa kidole kile kile kimoja.

Ijumaa, 8 Machi

Kazi ya Shemeji imepona. Daktari kasoma, kacheka, kasema hata yeye akimwambia mgonjwa ameze dawa kila saa nane, wapo wanaongoja saa nane ifike. Mke wangu kanimiminia chai bila kuombwa. Shemeji katuma salamu. Fupi, lakini salamu.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeisoma tena ile "kosa ni la mwandishi". Ina ukali usio wa lazima. Nimeweka "kosa ni la uandishi". Baada ya chai nikaona bado. Sasa inasomeka "kosa ni la gundi". Inateleza vizuri zaidi.

Nimepitia na shajara hii. Jumatatu niliandika kwamba Redio aliponicheka nilikaribia kulia. Nimerekebisha.

Shemeji kaiona gundi! Katuma ujumbe: ameshainuka kitini, na safari hii harudi kukaa. Watu wengine hawana subira. Nimemjibu kiume: shemeji, tusizungushane, utanisoma tena au hunisomi? Jibu ndiyo au hapana. Nilitaka kumpa masaa mawili, lakini Redio alikuwa amesimama nyuma yangu, anachungulia simu.

Nimeandika: nasubiri saa mbili.