Nusu Gari na Kioo Chake

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu katuita chumba cha sampuli. Gari jipya la umeme lina nyuso mbili: wangu na wa Shemeji, kaka wa mke wangu. Mmoja utachaguliwa Jumatano na wageni, mawakala wa nchi tutakakouza. Mfinyanzi wa ule mwingine atakwenda nyumbani. Kasema hivyo huku anakoroga chai.

Kazi yetu iko hivi. Kila mmoja hufinyanga nusu gari tu, ubavu mmoja, kwa udongo. Kisha kioo kirefu chenye magurudumu husogezwa pale katikati, na nusu ya pili unaiona kiooni. Udongo ni ghali, kioo hakidai mshahara.

Uso wa Shemeji ni laini, hauna hata tundu. Anasema gari la umeme halivuti pumzi, mdomo wa nini? Wangu una mdomo mpana unaometameta. Gari bila mdomo ni maiti iliyofunikwa shuka. Wageni wa nchi za joto wanapenda mbwembwe, nani asiyejua?

Mke wangu kanikumbusha kwamba wifi yake husafishwa figo kwa bima ya kazi ya Shemeji. Nimekumbuka. Lakini na mimi nina tumbo.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata dawa yake! Kesho wanakuja pia wageni wa nchi za baridi. Hao wanapenda gari jembamba, lenye adabu. Basi wenzangu walipokwenda kula, nikafunua nusu ya Shemeji, nikavuta kioo chake nyuma kidogo upande wa pua, kiachane na udongo. Magurudumu yalilia mpaka nikatokwa jasho. Uso ukavimba kama wa mtu aliyeumwa na nyuki. Ukabaki ufa kati ya udongo na kioo, nikauziba kwa mkanda mweusi wa gundi. Nikarudisha shuka.

Shemeji akaja na chai yangu, sukari nyingi kama ninavyopenda. Kaomba ruhusa, kesho anampeleka mkewe hospitali. Nikamwambia aende tu, mimi nipo. Chai nikanywa.

Jumatano, 5 Machi
Balaa.

Shuka ilipovutwa, wageni wa baridi wakaguna kwa raha. Wakasema limetulia, limejaa, kwao watu wamechoka na magari yaliyokonda. Na ule mstari mweusi katikati ya pua! Wakaupapasa. Wakaupiga picha. Wakamwuliza Mkuu nani mwenye jicho hili.

Nikajipa moyo: wa joto watanitetea. Mama mmoja wa huko akauangalia mdomo wangu kwa muda, akauliza gari hili linamdai nani. Akasema mambo hayo kwao yaliisha na mafuta, siku hizi hata mababu wanataka uso mtupu.

Wote wamemchagua Shemeji, na wala hakuwapo. Mimi nimeambiwa nimalize wiki, kisha niende nyumbani. Walipoondoka nikabandua mkanda na kurudisha kioo mahali pake. Nimeshindwa, lakini angalau hila yangu haitaonekana.

Ijumaa, 7 Machi
Wageni wamerudi na picha zao kuja kupima. Shuka ikavutwa. Uso mwembamba, mstari hakuna. Wageni wakainua picha zao, wakalinganisha.

Kwetu udongo ukishakubaliwa, hauguswi hata kwa ukucha. Mwenye kuugusa hana utetezi. Mkuu akamwuliza Shemeji amekwangua nini. Shemeji akainama kuutazama udongo, akatazama kioo, akatazama sakafu, kisha akanitazama mimi. Akasema labda ni yeye, hajui.

Amefukuzwa hapo hapo. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Nikafunga kamba za viatu, nazo zilikuwa zimefungwa.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji na mkewe wamehamia kwetu; nyumba yao ilikuwa ya kazi. Mwisho wa mwezi bima inakatwa, na hospitali wameshamwambia atafute pengine. Mke wa Shemeji amelala chumba cha watoto, miguu imevimba, na bado ananiamkia kwa heshima. Kamwambia mke wangu amebahatika kuolewa na mtu mwenye moyo.

Jioni Shemeji akaniita nje. Kasema alikuta gundi ya mkanda kwenye udongo wake na alama za magurudumu sakafuni. Nikamwuliza mbona hakusema. Akajibu kwamba angesema, tungefukuzwa wote wawili, mimi kwa kioo, yeye kwa uso usio wake, halafu mgonjwa angelala wapi? Akaniomba dada yake asijue.

Nililia. Kweli nililia, mpaka kamasi. Shemeji ndiye aliyenipa kitambaa. Nikaapa: mimi na hila, basi.

Jumatatu, 10 Machi
Mkuu kanikabidhi nusu ya Shemeji, niirudishe ilivyokuwa kwenye picha. Wenzangu wanahangaika na rula, mimi nikaupata upana kwa mkono mmoja. Mkuu kasema nina kipaji kilichokuwa kimejificha. Nimefurahi, kwa nini nidanganye? Mtu mmoja nyumbani lazima awe na kazi.

Ila ameletwa dada mmoja kufinyanga mkia. Mkia wake ni mzuri kupita kiasi, na Mkuu kaanza kuuliza kama anaweza nyuso pia. Kesho wanakuja wageni wa soko la tatu. Nasikia hao hawapendi mkia mpana.

Kioo chake kiko karibu na mlango. Nimeyapaka magurudumu mafuta, yasilie.