Mwenyekiti wa Mfongo Hayumbi

Jumatatu, 8 Septemba 2025. Kibosho.
Daktari amefika. Si wa sindano. Ni mtafiti kutoka mjini, anaitwa Goodness, anachunguza jinsi wazee wa mlimani wanavyosimama bila kuanguka. Amewachagua watu wa mfongo wetu, mfereji wa maji wa kijiji, ati kwa sababu kila wiki tunakwenda banioni, mto unapokingwa, kufungulia maji ya migomba, na njia ni ukingo wa futi moja: mfereji huku, korongo kule. Sababu nzuri mno. Ndiyo maana siiamini. Mimi ni mwenyekiti wa mfongo kwa mwaka wa kumi na tisa. Uchaguzi ni Jumamosi. Mpinzani ni mmoja, Sylvanus. Na nani kambebea daktari begi kutoka barabarani? Sylvanus! Nimeuliza kwao ni wapi. Machame, mahasimu wetu tangu enzi za mababu. Sikuuliza zaidi.

Jumanne, 9 Septemba.
Nimechungulia anakopimia daktari, kupitia ua wa masale. Kuna bamba jeusi sakafuni, ukubwa wa sinia. Unapanda, unafumba macho, kompyuta inachora unavyoyumba. Mchoro wa Sylvanus ni kuku aliyepita kwenye majivu. Anayumba! Nimetembea kwa furaha hadi nyumbani.
Nimejaribu mwenyewe zizini. Mguu mmoja, macho nimefumba. Sekunde nne. Nimeangukia ndoo. Mke wangu Theodora ameuliza maziwa yako wapi. Nimesema ng'ombe kapiga teke. Ng'ombe ameniangalia.

Jumatano, 10 Septemba.
Mpango. Vibao viwili vya mti mkavu, sentimita sitini na tano kila kimoja, kutoka kifundo cha mguu hadi pajani. Nimevifunga kwa mpira wa baiskeli ndani ya suruali ya suti. Mtu mwenye vibao ataanzaje kuyumba? Theodora amesema Baba Primus, unatembea kama bwana harusi mwenye viatu vya kuazima. Hakuna anayejua.

Alhamisi, 11 Septemba.
Zamu yangu. Kiti nimekataa mara tatu, goti halikunjiki. Sylvanus akasema keti, meku, mzee wetu, leo hakuna kura. Wamecheka. Nimewahesabu waliocheka: saba.
Nimepanda bamba. Nimefumba macho. Mchoro: nukta moja! Daktari ameandika sana. Nikadai majibu yangu yasomwe mkutanoni. Akasema ni siri ya mhusika. Siri! Nikaandika ruhusa hapo hapo, nikatia sahihi.
Kisha akasema sasa bamba litasogea kidogo, Sylvanus asimame nyuma anidake. Nimekataa. Nikamwambia ajitenge hatua nne. Bamba limesogea vidole vitatu tu. Nimeanguka kama mgomba uliokatwa, mzima mzima, bila kujikunja popote. Sylvanus karuka, kawa chini yangu. Mkono wake umeteguka. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi.
Kwa nini alikuwa tayari kuruka? Alijua nitaanguka?

Jumamosi, 13 Septemba.
Mkutano. Daktari ameniita pembeni, ameuliza mara mbili kama bado nataka yasomwe. Nimenusa mtego. Nimesema soma.
Kumbe mwili wenye afya huyumba kidogo wakati wote, ndivyo unavyojirekebisha. Sylvanus ni mzima kabisa. Anayekakamaa kama nguzo ana hofu ya kuanguka, au ana maradhi. Amenishauri niende hospitali. Mtu mmoja nyuma amesema pole.
Utetezi ulikuwa mmoja: kueleza habari ya vibao. Mwenyekiti mwoga au mwenyekiti mwongo? Nimetazama dari. Katibu, Mama Salvina, akasema kwa huruma kwamba asiyeweza kufika banioni hawezi kugawa maji. Kura: Sylvanus thelathini na moja, mimi moja. Hiyo moja ni yangu. Theodora alikaa kando yangu, na mwanachama ni yeye pia.

Jumapili, 14 Septemba.
Baada ya misa Sylvanus amekuja, mkono umefungwa kitambaa, mwingine umeshika jani la isale, la kuombea msamaha. Ameomba radhi kwa kuchukua kiti cha mgonjwa. Amesema daktari anarudi Machi kupima upya. Nikionekana mzima, kiti ni changu. Isale haikataliwi. Babu yangu aliipokea kutoka kwa mtu aliyemchomea nyumba. Nimepokea.
Lakini asiye na hatia analeta isale ya nini?
Nimemuuliza Theodora. Amesema Baba Primus, Machi we simama tu kama Mungu alivyokuumba. Vibao aliviona tangu Jumatano. Leo vimeivisha maharage.
Sawa. Mti mkavu haupindi, kosa lilikuwa hapo tu.
Nimekata mianzi miwili. Nimeianika nyuma ya zizi, mahali Sylvanus haoni.