Kiti cha Benedikto

Jumatatu, 22 Aprili 1974
Miaka sita hapa kiwanda cha uzi nafungua na kufunga koki ya mvuke kwa mkono huu, ili nailoni iyeyuke sawasawa. Miaka sita, nimesimama! Leo wamefunga sanduku la kioo linalopima joto na kuzungusha koki lenyewe. Benedikto, mtoto wa juzi, kakabidhiwa alitunze. Kapewa na kiti! Mzee Fakihi, msimamizi wetu, kasema Mfanyakazi Bora wa Mei Mosi atatoka idara yetu. Mke wangu Sesilia alishanipigia pasi shati la kupokelea zawadi.

Jumanne, 23 Aprili
Uzi haujakatika hata mara moja. Kina mama wa kukunja uzi wanamsifu Benedikto. Kafanya nini? Kafuta kioo kwa leso! Wivu unanichoma mpaka chai imenishinda. Lakini dawa yake nimeipata.

Jumatano, 24 Aprili
Saa tatu nilimwomba Mzee Fakihi apite saa nne na robo, kwani nahisi sanduku litavuruga joto. Saa nne na dakika kumi nikaviringisha kwenye kipimajoto mkono wa shati langu kuukuu, umelowa chapachapa. Sanduku likadhani nailoni imepoa, likaachia mvuke. Nailoni ikawa nyepesi kama uji wa mgonjwa, nyuzi zikakatika. Mzee huyo anaingia! Nikaruka, nikafunga koki. Sanduku likafungua. Nikafunga. Likafungua. Halichoki, shetani! Tulishindana hivyo mpaka jasho likaniingia machoni. Benedikto akainuka, akautoa ule mkono wa shati kwenye kipimajoto, akakaa tena. Kina mama wakampigia makofi.

Alhamisi, 25 Aprili
Niliwaambia kitambaa kile kakileta panya. Benedikto akafungua sanduku, akatoa karatasi. Kumbe mna kalamu humo, inaandika joto dakika kwa dakika! Mstari umenyooka mpaka saa nne na dakika kumi, kisha unaporomoka. Mzee Fakihi akauliza nilijuaje tangu saa tatu. Nikasema ni uzoefu. Akauliza panya kapata wapi mkono wa shati langu.

Jumatano, 1 Mei
Benedikto kapata baiskeli. Mimi nimehamishiwa stoo, kufagia. Shati la pasi nililivaa hivyohivyo, nikapiga makofi shingo upande.

Alhamisi, 2 Mei
Stoo kuna mzani mpya. Revelian, anayeutunza, anasifiwa na kila mtu. Ana kiti, na kiti chenyewe kina mto! Nimeukagua mzani juu na chini. Hauna kalamu. Safi! Nimeshamwomba Mzee Fakihi apite kesho saa nne na robo, kwani nahisi utadanganya.