Mkaguzi Asiyenusa

Jumatatu, 5 Mei 2025
Kesho kikundi chetu cha wauza viungo hapa Mwembesongo kinachagua mkaguzi. Kinachotakiwa ni pua tu. Yangu ilikufa mwaka juzi! Anajua mke wangu Zuhura peke yake. Mpango: wagombea tutafungwa vitambaa machoni na kunusishwa viungo, yeye akae nyuma yangu. Kikohozi kimoja, kiungo kizuri. Viwili, kibovu. Zuhura akauliza kwa nini nisiende hospitali tu. Hana akili ya biashara.

Jumanne, 6 Mei
Balaa. Jirani alikuwa anatwanga pilipili. Zuhura alikohoa mara kumi na moja! Nikaukataa mdalasini wa Bernadeta wa Kinole, unaosifiwa Uluguru nzima. Nikasema umeoza. Likaja kopo jingine. Kikohozi kimoja. Nikatangaza: iliki, tena safi! Yalikuwa mafuta ya taa. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Bernadeta hakucheka. Alinivuta pembeni. "Kaka Abeid, hiyo pua inaumwa. Nenda hospitali."
Huruma yake sitaisamehe.

Alhamisi, 8 Mei
Nimeenda, ila si kwa sababu yake. Daktari Irene akamulika ndani. Nina polipu: vinyama laini kama zabibu zilizomenywa, matundu yote mawili. Nikauliza nani kaniwekea. Akasema hakuna. Seli za utando wa pua hupiga yowe kwa vumbi tu, kama kaingia mwizi. Seli nyeupe za damu, ziitwazo eosinofili, hukimbilia pale. Zikifika haziondoki, na sumu yao huumiza utando wenyewe. Utando unavimba, unajaa maji, unaning'inia. Kwa nini mimi na si Bernadeta? Hata wataalamu, akasema, hawajui yote. Nikamwomba aandike kwamba chanzo ni mdalasini wa Bernadeta. Akakataa! Akanipa vidonge vya siku chache na dawa ya kupuliza puani kila siku. Nisiiache hata nikipata nafuu, la sivyo vinyama vitarudi.

Jumanne, 20 Mei
Nanusa! Kwanza nywele za Zuhura, mafuta ya nazi. Nilisimama mlangoni kama mgeni, machozi yakanitoka. Kisha nikaingia dukani kwangu. Mdalasini wote ukungu. Karafuu zinanuka panya. Na wateja waliohamia kwa Bernadeta, nilitangaza mtaa mzima kwamba amewaroga! Zuhura akasema alinionya kuhusu viungo hivi tangu mwaka jana, nikamwambia anyamaze. Hilo silikumbuki. Bernadeta, ndiye mkaguzi sasa, ameniomba niwe msaidizi wake. Msaidizi! Nimekataa.

Alhamisi, 12 Juni
Dawa nimeiacha wiki mbili sasa. Mtu mzima hawezi kujipulizia puani kila siku kama anaua mbu. Nimeandika barua kutaka uchaguzi urudiwe. Zuhura aliisoma, akafunga nguo zake, akaenda kwa dada yake Kihonda. Leo nimejipikia chai ya tangawizi mwenyewe. Haina harufu hata kidogo. Tangawizi za siku hizi bure kabisa! Nimeandika barua ya pili, kuzilalamikia.