Nani Anaziba Bomba Langu?

Jumatatu, 8 Julai 2024

Choo kimeanza kiburi. Nilivuta maji asubuhi, yakapanda, yakasimama, yakashuka kwa kujivuta kama mzee anayetoka kanisani. Kisha mke wangu Dina akamwaga maji ya vyombo kwenye sinki la jikoni, choo kikanguruma. Jikoni panamwagwa, chooni panajibu! Dina anasema kikigoma choo peke yake kosa ni la choo, vikigoma vyote ni bomba kubwa la nje. Mimi nasema ni Laurian.

Laurian ni jirani. Anauza mafuta ya alizeti barabarani, nami nauza. Yake yana ukungu. Yangu yanang'aa, maana nayachemsha na kuyachuja kwa kitambaa, siri ambayo hapa Ilongero tunaijua mimi na Dina tu. Tope linalobaki namwaga chooni. Likionekana uani, siri imekwisha.

Na Jumamosi wanakuja wazee wa Noel kutoka Sekenke kumposa binti yetu Faith! Choo cha kuvuta, ndani ya nyumba, ndicho heshima yangu yote. Laurian anajua hilo.

Jumanne, 9 Julai

Harufu. Nimenusa kila pembe ya uwanja. Upepo unatoka kwa Laurian, basi harufu ni ya Laurian. Dina akasema nguruwe wa Laurian waliuzwa tangu Pasaka. Labda alibakiza harufu makusudi.

Habari njema ni mchicha. Kila mahali pamekauka, lakini mchicha wangu nyuma ya bafu umefika kiunoni, na sijaumwagilia hata kikombe. Mkono wangu una baraka! Laurian alichungulia juu ya ua wa minyaa, akauliza unapata maji wapi. Wivu mtupu. Nikamwambia Dina tuwapikie wageni mchicha huo. Amekataa kuuchuma. Eti mchicha unaonenepa kiangazi una anayeunywesha. Nimeanza kumwangalia Dina vizuri.

Alhamisi, 11 Julai

Mtego! Jana jioni nilinyunyiza majivu kuzunguka chemba, pale penye mfuniko wa zege bomba linapopita kwenda shimoni. Leo nimekuta nyayo. Kandambili, ya kushoto imekatika kisigino. Nikamwita Dina aje ashuhudie. Akatazama majivu, akatazama miguu yangu. Akasema kandambili yenyewe nimeivaa.

Kweli nilipita asubuhi kukagua mtego. Lakini linabaki swali zito: Laurian alizichukua kandambili zangu lini, na alizirudisha saa ngapi?

Faith amelia. Anataka fundi Edward aitwe kabla ya Jumamosi, asiaibike mbele ya wakwe. Nimemwambia mwanangu, tulia, Edward hunywa kahawa kwa Laurian. Machozi yale yaliniuma, nakiri. Kwa hiyo nimechukua hatua: nimemwaga ndoo mbili za tope kwa mpigo, zisukume uchafu. Mafuta huteleza, hilo halihitaji fundi.

Jumamosi, 13 Julai



Wageni walifika. Shikamoo zikatolewa, marahaba zikarudi, chai ikanywewa. Mzee Peniel, baba mkubwa wa Noel, akaomba kujisaidia. Nikampeleka mwenyewe, kifua mbele. Akavuta maji. Yakapanda. Hayakushuka. Yakamfuata mpaka mlangoni.

Nikasema upesi, karibu Mzee nikuonyeshe bustani. Akausifu mchicha sana. Akasogea aguse majani, ardhi ikammeza mguu hadi kifundoni. Kiatu kilichokuja kuposa! Harufu iliyotoka hapo siiandiki.

Laurian akatokea na ndoo ya maji na sabuni. Papo hapo! Mtu asiye na hatia anakuwaje tayari namna ile? Akamwosha mzee miguu, akampa viatu vyake vya kanisani, akawakaribisha wageni wote kwenye choo chake cha shimo. Wakaenda mmoja mmoja. Wakarudi wakitabasamu, kila mmoja.

Faith alijifungia chumbani. Nilisimama mlangoni kwake, nikasema ni Laurian. Hakufungua.

Mwishowe wazee wamesema binti hana kosa, posa iko palepale. Nilishusha pumzi. Kisha Mzee Peniel akaomba kikao cha mahari kifanyike uani kwa Laurian, penye hewa, na Laurian awe msemaji wa upande wetu. Upande wetu! Sasa nimeelewa. Tangu mwanzo mtu huyu alikuwa anawataka wakwe zangu.

Jumanne, 16 Julai

Edward amefukua. Bomba limejaa tope gumu la mafuta toka chemba hadi bafuni, na limepasuka chini ya mchicha. Akasema choo hakinywi mafuta, tusimwage tena. Dina akanitazama mimi.

Mimi nikalichukua tope lile nikalinusa. Alizeti! Ushahidi huo hapo. Nani, ukutani kwangu kabisa, anashinda na alizeti? Langu mimi nilimwaga kwa adabu, ndoo kwa ndoo, haliwezi kuwa ndilo.

Bomba jipya alilolaza Edward ni pana zaidi. Dina alipotoka kwenda sokoni nimemwaga tope lote la wiki, nafasi niishike mimi kabla ya Laurian. Limeshuka vizuri mno. Mbegu za mchicha nimeshazimwaga, palepale.