Bata Wangu Ameajiriwa, Naomba Mmfukuze Kazi

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa Kazi na Vijana,

Sisi hapa Kambarage ni wazima. Safari hii hofu iko kwangu, si kwenu. Mliandika kwamba mtengenezaji wa programu za kompyuta akikwama, amweleze bata wa mpira kazi yake hatua kwa hatua, na kosa litajitokeza lenyewe. Mume wangu Kalisti ndiyo kazi yake hiyo. Bata wa mpira alimkosa sokoni, akamchukua wangu, niliyekuwa namnenepesha kwa ajili ya ujio wa baba yangu kutoka Didia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwanza bata alielezwa programu ya kugawana mifuko ya mawe ya dhahabu huko Geita, iliyokuwa ikimpa mpishi mifuko mingi kuliko mwenye duara, yaani mwenye shimo lenyewe la kuchimbia. Kabla Kalisti hajamaliza kueleza, akaliona kosa. Nilifurahi, sikatai.

2. Tangu hapo bata anakaa ofisini, mbele ya feni. Asubuhi anasalimiwa "mwangaluka" kabla yangu. Nikiuliza jambo, naambiwa nisubiri, wako kikaoni.

3. Mafundi wenzake Kalisti nao wanapanga foleni uani na kompyuta zao. Mmoja, Nasibu, alimwamkia bata shikamoo. Ilibidi niitikie mimi.

4. Hili ndilo linaloniuma. Baba anafika Jumamosi, na Kalisti amekataa katakata bata kuchinjwa. Anasema mtu hamchinji mfanyakazi mwenzake, tena ambaye yeye mwenyewe kampandisha cheo. Ndugu Mhariri, baba akirudi Didia bila kuchinjiwa, ukoo mzima utasema nimeolewa na mtu asiyejua kuheshimu mkwe. Na mimi mtu huyu nampenda.

Kwa hiyo naomba mchapishe masahihisho kwamba bata akishamaliza kazi anaruhusiwa kuliwa. Mkitaja na mchuzi wa karanga, nitashukuru zaidi.

Nisalimieni wote hapo ofisini, hadi anayewapikia chai.

Mimi msomaji wenu mwenye uchungu,
Rhoda Bujiku (Mama Justa)

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nilimsomea bata barua hii, nijue kama ina kosa. Nilipofika namba nne akanitazama tu, na papo hapo nikakumbuka kuwa baba hali bata. Hajawahi kula tangu nipate akili. Jogoo ameshakamatwa. Masahihisho acheni, ila ule ushauri wenu urudieni, maana umenifaa hata mimi, na Didia gazeti halikufika.