Nilivyompandisha Bwana Mlimani

Jumatatu, 4 Julai 1910
Mzee Chidawali, babake Hana, amekataa posa yangu tena. Eti binti yake haolewi na maneno matupu. Eti Kefa, anayemposa pia, ni mwalimu wa misheni huko Buigiri, mimi ni nani? Haya! Nitakuwa karani wa boma. Kuna Bwana mgeni wa Kijerumani pale, kazi yake kuchukua ng'ombe wa kulisha vibarua wa reli. Anapenda kutazama nchi kutoka juu. Huyo ndiye bahati yangu.

Jumatano, 6 Julai
Nimemwambia Bwana kuna mlima ambao ukisimama juu yake unaiona Ugogo yote. Amekubali! Akauliza kama naijua baiskeli. Nikasema naijua tangu utotoni. Ulimi wangu huu!

Alhamisi, 7 Julai
Mwiba wa kwanza ulitoboa gurudumu kabla hatujavuka korongo. Nimeibeba baiskeli kichwani mpaka juu, Bwana yuko mbele anapiga mluzi. Lakini huko juu! Upepo mwanana, na nchi imelala tambarare mpaka macho yanachoka. Bwana akavua kofia. Nikauona ukarani huu hapa.

Akatoa darubini, akatazama bonde la nyuma ya mlima. Akauliza ng'ombe wote wale ni wa nani. Kifua kikanijaa. Nikasema ni wa mkwe wangu!

Mzee alikuwa amemwapia Bwana kwamba anao watatu tu, tena wagonjwa. Nilikumbuka tukiwa tumeshateremka nusu ya njia.

Ijumaa, 8 Julai
Askari wamekuja asubuhi, wakaswaga kundi zima. Wamemwachia Mzee watatu, kama alivyoapa. Nilimwamkia mbukwenyi, akageukia ukuta. Hana alikuwa akimlilia ndama wake. Alinitazama mara moja tu. Heri angenitukana. Najuta. Majuto ni mjukuu, na mimi nimempata kabla ya kuoa.

Jumapili, 10 Julai
Kanisani wametangaza ndoa ya Hana na Kefa. Nilikaa nyuma kabisa, naona aibu hata kuimba. Baada ya ibada Kefa alinipa mkono, akasema pole. Pole! Na alisema kwa moyo safi, ndiyo iliyoniuma zaidi. Nimelia njia nzima.

Lakini ndoa hutangazwa mara tatu. Zimebaki mbili, na ukarani bado uko wazi. Jioni nimekwenda bomani. Bwana anasema mlima ule ulimfurahisha mno, anataka mwingine. Safari hii sikukurupuka, nimefikiri kwanza. Nimemwambia upo, tena mzuri kuliko ule. Ukiwa juu unapaona kijijini kwetu, bonde lote, mpaka kwenye malisho ya ng'ombe wa baba.